Dredi changa: yanayosemwa saluni na yanayotokea kichwani

Sokota dredi leo, kesho utagundua umezungukwa na mabingwa wa nywele. Jirani atakukataza kutia maji, shangazi atakwambia unakaribisha chawa, na muuza vipodozi atakuwa ameshakushikisha kopo la nta kabla hujauliza bei. Mimi kazi yangu ni kusokota, na wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba dredi "zimekataa" hawakupungukiwa na kitu chochote. Wamezidisha.

Nywele za kipilipili zinajifunga zenyewe. Kila unywele unatoka kwenye ngozi ukiwa umeshajipinda, unamzunguka mwenzake, na ile inayong'oka (kwa kawaida kati ya 50 na 100 kwa siku kwa mtu mwenye afya) haipati pa kudondokea, inabaki ndani na kusaidia kukaza fundo. Msusi anagawa mafungu, anaonyesha njia, anaondoka. Kinachobaki ni muda: mara nyingi miezi 12 hadi 18 ndipo dredi inakomaa na kuwa ngumu kutoka mzizi hadi ncha. Ukilielewa hilo, nusu ya maneno utakayosikia yatakuwa yameshajijibu.

"Usioshe mpaka zishike"

Hii ndiyo iliyoharibu vichwa vingi kuliko zote. Woga wenyewe una msingi: ukiosha dredi changa, baadhi zitafumuka, hasa zile zilizozungushwa kwa kitana kwenye nywele fupi. Za misokoto miwili zinavumilia zaidi. Kwa hiyo kungoja wiki mbili au tatu kabla ya kuosha mara ya kwanza ni sawa. Kungoja miezi mitatu ni kujitafutia muwasho na harufu, tena bila faida, kwa sababu mafuta ya ngozi na jasho vinaifunika nywele na kuifanya iteleze. Nywele inayoteleza haishikani. Nywele safi ina mkwaruzo, na ikilowa maji inajikunja na kuzidi kujifunga. Baada ya ule muosho wa kwanza, kila wiki moja au mbili inatosha. Anayetoka jasho sana, mcheza mpira au fundi ujenzi, asione haya kuosha kila wiki.

Namna ya kuosha ndiyo yenye kazi. Vaa wavu au kata soksi ndefu ya nailoni uivute kichwani, kisha pitisha shampuu iliyochanganywa na maji juu yake. Sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Dredi zenyewe zikamue tu, povu lipite, usizifikiche kama unafua. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, halafu suuza tena, maana sabuni inayobaki ndani ya dredi leo utaikuta humo mwakani.

Na maji ni suala lenyewe. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanaoga maji ya kisima yenye chumvi, na maji ya namna hiyo yakikutana na sabuni ya kipande yanaacha utando mweupe kwenye nywele. Mtu anadhani ni mba, anaongeza mafuta, utando unanata zaidi. Dawa ni kuacha sabuni ya kipande na kutumia shampuu. Kama utando umeshajijenga, vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, mwagia, kaa dakika chache, suuza. Siki isiingie machoni.

Halafu zikauke. Osha asubuhi, si usiku. Dredi nene inaweza kuonekana kavu kwa nje huku ndani mbichi, na ukiifunga kilemba hivyo ukalala nayo, hasa Tanga au Mombasa kipindi cha masika, itaanza kunuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Ukungu ukishaingia katikati ya dredi hautoki kwa manukato. Kamua kwa taulo, kaa juani, na kama huna jua tumia draya ya moto mdogo.

"Bila nta hazishiki"

Nta inang'arisha na kulaza vinyweleo siku ile ile, ndiyo maana inauzika. Mteja anatoka mlangoni kichwa kinameta, msusi kalipwa, shida inaanza baadaye. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi. Maji ya kuoga yenye joto la kustahimilika hayafiki hata 45. Hesabu ni rahisi: hakuna maji unayoweza kujimwagia kichwani yakaiondoa nta bila kukuunguza wewe kwanza. Inabaki, inakusanya vumbi na nyuzi za mto, inakuwa ya kijivu, na inazuia maji kuingia ndani. Juu ya hayo, nta inaigandisha nywele mahali ilipo, wakati ili dredi ishike nywele inatakiwa iwe na nafasi ya kusogea na kujizungusha.

Aliyekwisha kuipaka asinyoe kwa hasira. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa yakawa vuguvugu yanalainisha nta, kisha shampuu inaondoa mafuta. Utarudia mara kadhaa, na bado haitaisha yote.

Cha kusokotea kiwe kinachoyeyuka kwenye maji: utomvu wa mshubiri uliochujwa, au jeli nyepesi kidogo. Maji matupu pia yanafaa kwa nywele zilizojikunja sana. Jeli nzito ukizidisha itakuachia chembe nyeupe ambazo watu wataziita chawa, na huko ndiko tunakokwenda.

"Dredi zina chawa"

Chawa anakula damu, hali uchafu. Anahitaji ngozi na unywele wa kushikilia, akivipata hachagui kama kichwa kimesukwa, kimenyooshwa au kina dredi. Anaingia kwa kichwa kugusana na kichwa, kwa hiyo darasa la chekechea lina hatari kuliko kijiwe cha Marasta.

Hadithi ya Bob Marley ndiyo hainiishi hamu. Kila mtu ana idadi yake ya aina za chawa waliokutwa kichwani mwake alipokufa, na idadi inapanda kadiri msimuliaji anavyokunywa. Marley alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu, na kabla ya kufa dredi zake zilikuwa zimeshaondoka kutokana na matibabu. Hao chawa walikaa wapi?

"Kadiri inavyouma ndivyo inavyokaa"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nta inasumbua lakini kukaza kunaondoa nywele moja kwa moja.

Kuna wateja wanaodai wakazwe mpaka nyusi zinyanyuke, na kuna wasusi wanaona fahari kufanya hivyo. Wengine wanameza dawa ya maumivu kabla ya kukaa kwenye kiti, jambo ambalo lilipaswa kumshtua kila mtu aliyemo saluni. Unywele unaovutwa kila mara unalegea kwenye kitundu chake. Kwanza vinatokea vipele vidogo kwenye ukingo wa paji la uso na juu ya masikio, vingine vina usaha. Kisha mzizi unakuwa mwembamba. Kisha panabaki upara. Ukiacha kukaza mapema, nywele zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, kitundu kinafungwa na kovu, na hapo hakuna mafuta ya nyonyo wala kitunguu maji kitakachootesha kitu.

Dredi changa zinasokotwa mizizi kila baada ya wiki nne hadi sita. Wiki nane pia si dhambi. Anayesokota kila wiki kwa sababu hapendi vinyweleo anapunguza mzizi kila anapokaa kitini, na vinyweleo vyenyewe ni nywele mpya zinazoota. Ukizikata au kuzilazimisha unajinyima dredi ya kesho. Kichwa chenye dredi za miezi minne hadi kumi lazima kiwe na fujo, kinavimba, kinatoa manyoya pande zote, dredi nyingine zinajikunja na kuwa fupi kuliko zilivyoanza. Hakuna mtu aliyepita njia ya pembeni.

Angalia pia ukubwa wa fungu. Watu wanataka dredi nyembamba kama uzi kwenye nywele dhaifu za ukingoni, na baada ya miaka mitatu mzizi mdogo unabeba uzito mkubwa, hasa ukilowa. Fungu la upana wa kidole kwa wastani linabeba vizuri. Kuna mfumo wa Sisterlocks ulioanzishwa Marekani na JoAnne Cornwell mwaka 1993, ambao hutoa dredi ndogo mno, mara nyingi zaidi ya 400, kwa kupitisha ncha kwenye mzizi kwa kifaa maalumu. Unahitaji mtu aliyefundishwa, kwa sababu ncha ikipitishwa upande mmoja kila mara, mzizi unapata tundu na dredi inagawanyika.

Na baada ya kila muosho, pitisha vidole kwenye mizizi uachanishe dredi zinazotaka kuungana. Ukizipenda zikiungana, ziache. Hiyo ni namna mojawapo ya kufuga na ina wenyewe. Ila amua mapema.

"Sukari, asali, maji ya bahari: zinashika kwa wiki"

Sukari na asali zinanata, zinaita sisimizi. Maji ya bahari yanakausha nywele na kuongeza mkwaruzo kidogo, lakini ukiyarudia bila kusuuza unywele unakatika. Kama unataka dredi papo hapo ipo sindano ya kufumia, ile ya krosheti: fundi anavuta nywele ndani na nje mpaka zifungane siku hiyo hiyo. Inafanya kazi. Pia inakata nywele nyingi mikononi mwa asiyejua, na dredi iliyotengenezwa hivyo bado itahitaji miezi kadhaa kutulia.

"Dredi zinakuza nywele haraka"

Nywele ya kichwani inaota takriban sentimita moja kwa mwezi, na ya kipilipili mara nyingi inaota chini ya hapo. Dredi haiongezi kasi. Inachofanya ni kutunza urefu, kwa kuwa hakuna kitana kinachokata ncha.

"Paka mafuta kila siku"

Mafuta mazito yanaukaribisha uchafu kama nta. Matone machache ya mafuta ya nazi kwenye ngozi mara moja au mbili kwa wiki, na maji ya kunyunyizia ukiona zimekauka, basi. Mafuta hayaondoi mba. Yanazilaza tu zisionekane. Mba za kawaida zinatulizwa kwa shampuu yenye ketokonazo, dawa ya fangasi inayopatikana famasi. Ila ukiona mabaka yanayotoa magamba na nywele zimekatikia kwenye ngozi, zaidi kwa watoto, hayo huenda ni mapunye. Fangasi wake anaingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haimfikii. Inatakiwa dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Usisokote juu yake.

"Ni za Marasta na wahuni"

Imani ya Rastafari ilianza Jamaika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie, mfalme wanayemtukuza Marasta, kutawazwa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930. Mwenyewe hakufuga dredi hata siku moja. Morani wa Kimaasai walikuwa wakisokota nywele ndefu kwa mafuta na udongo mwekundu na kunyolewa na mama zao kwenye eunoto, sherehe ya kuhitimu umorani, bila kumsubiri mtu wa Jamaika. Wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni na dredi: Dedan Kimathi alikuwa nazo alipokamatwa Oktoba 1956, na Muthoni wa Kirima alizitunza zake tangu msituni mpaka Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta huko Nyeri.

Sheria nayo inasogea. Septemba 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule ilikosea kumzuia msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya dredi zake. Malawi, mahakama iliamua mwaka 2023 kwamba watoto wa Kirasta wapokewe shule za serikali bila kunyolewa. Tanzania shule nyingi bado zinataka kichwa kifupi, na waajiri wengine vilevile. Kabla hujaanza, soma masharti ya pale unapofanyia kazi.

"Ukianza hurudi nyuma, ni kunyoa tu"

Kunyoa ni haraka, hakuna ubishi. Lakini dredi zinafumuliwa, hata zilizokomaa. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, jaza kondishena inayoteleza, anza nchani kwa sindano nene au mkia wa kitana, panda polepole kuelekea mzizi. Kichwa kizima kinaweza kula siku mbili au zaidi, na dredi zikiwa changa ni kazi ya alasiri. Rundo la nywele litakalobaki mkononi litakutisha. Nyingi kati ya hizo zilishang'oka zamani, zile 50 hadi 100 za kila siku, zikabaki ndani. Ukitilia shaka, tazama unywele mmoja mmoja: wenye kitone cheupe upande mmoja ulitoka wenyewe kwenye ngozi, usio nacho umekatika ukifumua. Zikizidi zilizokatika, weka sindano chini, ongeza kondishena, na endelea kesho.