Tui la boksi halidumu kwa dawa

Wengi bado wanaamini tui la nazi la boksi halichachi kwa miezi kwa sababu limejaa dawa. Kinacholihifadhi hasa ni moto: hupashwa hadi nyuzi 140 hivi kwa sekunde chache, kisha hufungwa kwenye boksi lisilo na vijidudu. La kopo hufungwa kwanza, ndipo huchemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Ukishalifungua, litachacha kama ulilokuna na kukamua mwenyewe. Baadhi huwekwa E223, kemikali ya salfaiti, kulinda weupe. Salfaiti inaweza kuamsha pumu, hivyo mwenye pumu asome lebo. Tanzania, anayeliingiza hulisajili TBS (Shirika la Viwango), kazi iliyotoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019. Mimi ningehoji zaidi wepesi wake: Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inataka tui la nazi liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10.