Tanga na upepo wa mbele

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba chombo cha tanga huenda tu kule upepo unakokisukuma. Si kweli. Watazame watoto wakishindana kwa Optimist, kiboti cha tanga moja chenye urefu wa mita 2.3 hivi, cha mabaharia wasiozidi miaka 15: kwa kawaida kipande cha kwanza cha mbio huelekea upepo unakotoka. Tanga lililokazwa hupinda, upepo ukapita pande zake mbili kwa kasi tofauti na kulivuta. Ubao ulioshushwa majini hukizuia kiboti kisiteleze ubavu, nacho husonga mbele. Moja kwa moja hakiwezi; huenda kwa pembe ya takriban nyuzi 45 na upepo, kulia, kisha kushoto. Manahodha wetu wa majahazi huita huko kubisha, neno zuri ninalotamani kila mmoja wa watoto hawa alijue.