Ncha ya antena hailengi: tunavyoamini na ilivyo kuhusu antena za aksesi pointi

"Ukitaka mtandao ufike chumba fulani, elekeza antena huko."

Hii ndiyo mama wa dhana zote zinazofuata, na ndiyo utakayoikuta kwenye ofisi nyingi: aksesi pointi, yaani kifaa kinachorusha mtandao wa Wi-Fi, iko ukutani, na fimbo zake zote zimelazwa kuelekea meza ya yule anayelalamika zaidi. Kumbe ndivyo anavyozidi kunyimwa. Fimbo zile nyeusi zinazokuja na kifaa ni dipoli, na dipoli hurusha mawimbi kutoka ubavuni, si nchani. Lilaze tairi chini, kisha simamisha fimbo katikati ya tundu lake. Fimbo ni antena, na mpira unaoizunguka ndiko mawimbi yaliko. Ndani ya tundu, yaani juu kabisa ya ncha na chini kabisa ya shina, hakuna kitu cha maana. Ukimlenga mtu kwa ncha, umemweka tunduni.

Antena ikisimama wima, mawimbi husambaa pande zote za sakafu ileile. Ukiilaza, tairi nalo linasimama: mawimbi mengine yanapanda juu, mengine yanashuka chini, na upande ule unaotazamwa na ncha ndio unaokosa.

Mbona basi waliolenga kwa ncha wanapata mtandao? Kwa sababu ndani ya jengo mawimbi hugonga kuta, makabati na sakafu, yakarudi kwa njia za mzunguko hadi tunduni. Mtu ameelekeza ncha, simu imeshika, akaamini ni kazi ya mkono wake. Ndiyo sababu dhana hii haifi.

"Zitawanye, kila antena ihudumie upande wake."

Antena za aksesi pointi moja hazigawani vyumba. Tangu kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n kilipopitishwa mwaka 2009, redio hizi zinatumia MIMO: hutuma mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja kupitia antena zote, na zinapopokea huchukua kile kilichosikika kwenye kila antena na kukiunganisha. Hesabu hiyo inataka antena zote zifunike eneo moja. Simu ikisikia antena moja vizuri na nyingine mbili kwa mbali sana, mikondo inapungua na kasi inaporomoka, ingawa alama ya mtandao kwenye skrini bado imejaa.

Kosa kubwa zaidi ni la fundi anayevuta kebo ili antena moja ikae chumba cha kwanza na nyingine chumba cha pili. Bado ni redio moja na chaneli moja. Vifaa vya chumba hiki havivisikii vya chumba kile, kila kimoja kinadhani njia iko wazi, vyote vinazungumza pamoja na data inagongana. Vyumba viwili vya namna hiyo vinataka aksesi pointi mbili, basi.

Na pembe? Kwa sakafu moja, zisimamishe zote wima na sambamba. Antena ya wima hutoa mawimbi yenye mkao wa wima, na ukiinamisha nyuzi 45, mpokeaji aliyesimama wima anapata nusu tu ya nguvu ambayo angeipata. Simu hushikwa kila namna, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukipima nyuzi. Nyumba ya ghorofa ni habari nyingine: kulaza antena moja ili ihudumie juu na chini ni jambo la busara, mradi ujue unachokitoa upande mwingine.

"Kikifungwa darini, antena zilale pamoja na dari zisionekane."

Zining'inie wima, ncha zikitazama chini. Wima ya kushuka na wima ya kupanda ni sawasawa. Wanaozilaza kwa ajili ya urembo mara nyingi huzigusisha pia na fremu ya chuma au bomba, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kweli. Urefu wa wimbi kwenye 2.4 GHz ni kama sentimita 12.5, na kwenye 5 GHz ni chini ya nusu ya huo. Chuma kilicho karibu kiasi hicho kinabadilisha umbo lote la mawimbi.

"dBi nyingi, nguvu nyingi."

Dhana hii huuza antena nyingi. Lakini dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyoyakusanya mawimbi kuelekea upande fulani, si cha nguvu. Antena haina umeme wake wa kuongezea. Inachofanya ni kuchukua nguvu ileile ya redio na kuipanga upya. Antena ya pande zote yenye dBi kubwa hulibana tairi hadi likawa bapa: linafika mbali zaidi kwa upana, linapungua kwa kimo. Dipoli ya kawaida, ya dBi 2 hivi, hufunika nyuzi zinazokaribia 80 kwa wima. Ya dBi 8 au 9 mara nyingi hubaki na nyuzi 15 hivi.

Sasa ifunge hiyo ya nyuzi 15 kwenye dari ya ghala, mita 9 juu, huku skana za wafanyakazi zikiwa mita 1 kutoka chini. Nusu ya nyuzi 15 ndiyo inayotazama chini, na mwale huo unafika kimo cha skana umbali wa mita 60 hivi. Aliye chini ya antena kabisa analishwa na mabaki. Hapo dipoli ndogo, au antena ya kibapa inayotazama chini, ingefanya kazi bora.

Kuna sheria pia. Barani Ulaya, kwa mfano, kikomo cha miliwati 100 kwenye 2.4 GHz huhesabu redio pamoja na antena, kwa hiyo ukipandisha antena unatakiwa kushusha redio. Faida inayobaki, na si ndogo, ni masikio: antena hiyohiyo husikia vizuri zaidi simu zinazojibu kwa sauti dhaifu.

"Kebo ndefu haidhuru."

Inadhuru. Kebo nyembamba ya RG-58, inayounganisha redio na antena, hupoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita kwenye 2.4 GHz. Mita 3, nusu ya nguvu imekwenda. Mita 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Isogeze aksesi pointi yenyewe karibu na antena. Kebo ya Ethernet inakwenda hadi mita 100.

"Ikikaza skrubu, imeshika."

Chungulia kwanza. Aksesi pointi nyingi zina tundu la RP-SMA, aina ya kiungio cha skrubu cha antena, ambalo lina pini katikati, na antena yake ina kishimo cha kuipokea pini hiyo. SMA ya kawaida ni kinyume, lakini uzi wa skrubu ni uleule. Antena ya RP-SMA kwenye tundu la SMA itazunguka hadi mwisho bila pini yoyote kugusa kitu. Ya SMA kwenye tundu la RP-SMA itagonganisha pini kwa pini na huenda ikavunja moja. Kifaa hakitalalamika. Kitaendelea kwa antena zilizobaki, polepole, na wewe utaanza kumlaumu mtoa huduma wa intaneti.