Mwanariadha, ukipumzika mazoezi bado unadaiwa taarifa za ulipo

Msimu wa mbio za uwanjani ukifungwa, kambi za mazoezi za Iten na Kaptagat nchini Kenya hupungua watu. Huyu amerudi chuo kikuu kumalizia mitihani aliyoahirisha, yule ameitwa kozi ya kupandishwa cheo kikosini, mwingine yuko Kitale anavuna mahindi au anasimamia fundi wa nyumba zake za kupangisha. Yote hayo ni mema na tunayaunga mkono. Maisha ya mbio ni mafupi, na anayengoja kustaafu ndipo atafute cheti hujikuta amechelewa. Wesley Korir alishinda Boston Marathon mwaka 2012, na mwaka uliofuata wakazi wa Cherangany wakamchagua kuwa mbunge wao. Mtu hakuumbwa kwa ajili ya kukimbia tu.

Lakini kila kipindi kama hiki malalamiko ni yale yale: "Nimeandikiwa kosa la kukosa kipimo, na mimi nilikuwa likizo." Kanuni za kupambana na pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, hazina likizo. Ukishaarifiwa kwamba uko kwenye orodha ya wanaotoa taarifa za mahali walipo, unadaiwa taarifa hizo kila siku, uwe unafanya mazoezi, umeumia, unasoma au unalea mtoto mchanga.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kila robo ya mwaka kuanza, yaani 1 Januari, 1 Aprili, 1 Julai na 1 Oktoba, unajaza kwenye ADAMS, mfumo wa mtandaoni wa WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, mahali utakapolala kila usiku, ratiba yako ya kawaida ikiwemo kazi na masomo, mashindano utakayoshiriki, na dakika 60 za kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambazo utapatikana mahali ulipopataja. Afisa wa vipimo akifika ndani ya dakika hizo asikupate, unaweza kuandikiwa kosa. Kutojaza ni kosa vilevile, na huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya robo hiyo. Makosa matatu ndani ya miezi 12, hata yakiwa ya aina mchanganyiko, ni ukiukaji kamili wa kanuni. Adhabu yake ni kufungiwa miaka miwili, na inaweza kupunguzwa hadi mwaka mmoja kulingana na kiwango cha uzembe. Si lazima dawa yoyote ionekane mwilini. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2017, alifungiwa miaka miwili kwa makosa ya aina hii. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa minne, kwa kuwa juu ya kukosekana kulikuwa na ushahidi wa uongo.

Mfikirie mkimbiaji aliyekwenda mitihani Nairobi. Fomu yake inasema kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri yuko nyumbani Kapsabet. Afisa anabisha, mama anafungua na kusema kwa nia njema, "Kijana ameenda shule." Afisa halazimiki kumpigia simu. Anangoja hadi dakika 60 ziishe, anaandika ripoti, anaondoka. Mama anabaki akidhani amemsaidia mwanawe.

Kosa hilo lingeepukika usiku uliotangulia kwa kubadilisha taarifa kwenye simu, kupitia programu ya Athlete Central. Mabadiliko hupokelewa mradi dakika 60 hazijaanza. Na ukiandika hosteli, taja jengo, ghorofa, namba ya chumba na lango la kuingilia, kisha umjulishe askari wa lango na wenzako wa chumbani. "Hosteli ya chuo, Nairobi" si anwani. Afisa hatabisha milango mia. Kama shambani hakuna mtandao, badilisha kabla hujaondoka mjini.

Wengine hujibu kwamba wakala ndiye hujaza. Jibu hilo tumelisikia mno. Unaruhusiwa kumtuma mtu, lakini akikosea, kosa linaandikwa kwa jina lako.

Likizo pia ndiyo wakati wa kutibu majeraha. Ukishauriwa sindano, uliza jina la dawa kabla haijavutwa kwenye bomba. Dawa kama triamcinolone, ya kupunguza uvimbe, hukatazwa wakati wa mashindano, si wakati wa mapumziko, lakini ikidungwa kwenye msuli mwongozo wa WADA unataka zipite siku 60 kabla ya kushindana. Hesabu siku hizo ukiwa hapo hapo kliniki.

Yupo pia anayetangaza amestaafu ili asumbuliwe kidogo. Kustaafu ni kwa maandishi, na ukitaka kurejea unatoa notisi ya miezi sita, na katika miezi hiyo yote uwe tayari kupimwa. Aliyepanga kupumzika wiki nne asijaribu njia hiyo.

Na ukipata barua ya kosa, usiiweke kabatini. Una siku 14 za kujibu. Ambatanisha tiketi ya basi, barua ya chuo au karatasi ya hospitali, zilizo halali na zenye tarehe ya siku husika.