Kubonyeza Kitufe Si Amri ya Kuchora Skrini

Imani ni ileile kila mara: kihariri cha matini ni kitu chepesi, unasoma kitufe, unabadilisha maandishi, unachora skrini, unarudia. Halafu linakuja lalamiko, nalo ni lilelile: ukishikilia mshale wa chini kwenye faili refu kisha ukaachia, kielekezi hakisimami, kinaendelea kukimbia chenyewe. Mwisho inatolewa hukumu: terminali (dirisha la maandishi ambamo kihariri kinaendeshwa) ni nzito, au lugha ya programu ni nzito, tuandike upya kwa Rust. Yamenifika shingoni. Terminali haina kosa hapa, na lugha haina kosa. Kosa ni kule kuchora kufungwa pamoja na kusoma, kitufe kwa mchoro, mchoro kwa kitufe.

Tupige hesabu. Kitufe kikishikiliwa, tuseme kibodi inakirudia mara 30 kwa sekunde. Kama kuchora skrini, pamoja na kupaka rangi za sintaksia (zinazotofautisha sehemu za msimbo), kunachukua milisekunde 50, basi kila sekunde ya kidole inazaa sekunde moja na nusu ya kazi. Shikilia sekunde 4: matukio 120, kazi ya sekunde 6. Kidole kimeshaondoka, lakini sekunde 2 za kazi bado ziko kwenye foleni, na kihariri kitazimaliza moja moja, kikichora skrini ambazo hakuna anayezihitaji tena. Punguza uchoraji hadi milisekunde 34 na foleni bado itakua, polepole tu. Kuandika upya kwa lugha yenye kasi kunalihamisha tatizo hadi kwenye faili kubwa zaidi au mashine dhaifu zaidi. Hakuliondoi.

Nadhani imani hii inalelewa na mifano ya kufundishia. Kilo, kihariri kidogo cha Salvatore Sanfilippo cha mwaka 2016, chenye mistari ya C isiyofika 1,000, kina mzunguko mkuu wa hatua mbili: chora skrini, shughulikia kitufe. Kwa kusomea ni kazi nzuri sana, na kuna jambo muhimu kimelipatia: kinakusanya mchoro wote kwenye bafa moja (eneo la muda la kumbukumbu), kisha kinautoa kwa `write()` moja. Kinachonikera ni kwamba wanaokiiga huchukua zile hatua mbili na kuiacha bafa.

Fanksheni inayoshughulikia kitufe isiguse skrini kabisa. Ibadilishe hali ya kihariri, iweke alama kwamba kuna kilichochafuka, yaani kimebadilika na hakijachorwa, irudi. Kuchora kufanyike mahali pamoja tu katika programu nzima, baada ya foleni ya matukio kwisha. Kondakta wa daladala hagongi bodi kila abiria anapokanyaga ngazi, anagonga wakishapanda.

```
for (;;) {
    poll(fds, 2, esc_inasubiri ? 25 : -1);
    mwanzo = sasa();
    while (kuna_baiti()) {
        soma_na_changanua(); /* hadi baiti 4096 */
        if (sasa() - mwanzo > 16) break;
    }
    kagua_esc();
    if (chafu) chora();
}
```

`poll()` husubiri hadi ingizo lifike; `kuna_baiti()` ni `poll()` yenye muda wa sifuri, yaani inauliza bila kusubiri. Ya `esc` na ya `fds` nitayaeleza mbele. Hiyo 16 ni milisekunde, takriban fremu moja ya skrini ya herzi 60. Angalia kinachotokea mtu anapochapa kwa mwendo wa kawaida: kitufe kimoja kinafika, foleni ni tupu, mchoro unafanyika papo hapo bila kusubiri chochote. Foleni ikiwa na matukio 40, yote 40 yanatekelezwa, kisha unachorwa mchoro mmoja. Kuunganisha kunaanza pale tu mzigo unapozidi, na hakumgharimu chochote anayechapa taratibu.

Ndiyo maana siipendi dawa ya kuweka `usleep()`, yaani kuilaza programu, ya milisekunde 16 kwenye mzunguko. Inapunguza idadi ya michoro, kweli, lakini inamchelewesha kila mtu, hata yule aliyebonyeza kitufe kimoja tu. Na ile dawa ya pili, ya kuhamishia uchoraji kwenye thredi yake (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mwingine ndani ya programu), inanikera zaidi kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Ukiipelekea thredi ya uchoraji ombi kwa kila kitufe, umehamisha foleni kutoka kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) hadi kwenye kumbukumbu yako; urefu wake ni uleule. Ukiiruhusu isome bafa ya matini wakati thredi nyingine inaibadilisha, utapata nusu ya mstari wa zamani na nusu ya mstari mpya kwenye skrini moja, na siku nyingine programu itaanguka. Ukiweka kufuli, thredi moja isubiri nyingine, ili kuzuia hilo, kitufe kitasubiri mchoro umalizike, yaani umerudi ulikotoka. Thredi ina faida pale bafa yako inapoweza kutoa nakala isiyobadilika kwa bei nafuu na maombi yanapounganishwa kuwa moja. Anayejua kuunganisha maombi, mara nyingi haihitaji hiyo thredi.

Walioandika vihariri vya mwanzo walilijua hili kwa kulazimika. Bill Joy alikiandika kihariri cha vi kwa modemu ya baudi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 ina herufi 1,920. Kuichora yote kulikula zaidi ya dakika moja. Hakuna aliyethubutu kuchora bila sababu. Maktaba ya ncurses, ya kuchorea skrini za terminali, imeirithi akili hiyo hadi leo: katikati ya kuisasisha skrini, inachungulia kama kuna kitufe kimefika, na ikikikuta inaahirisha kilichobaki hadi usasishaji unaofuata. Hiyo ndiyo kazi ya `typeahead()`, na wapo wanaoizima kwa `typeahead(-1)` bila kujua wamezima nini.

Lakini ukiahirisha bila kikomo unaleta ugonjwa wa upande wa pili. Mtu akishikilia PageDown na matukio yakawa hayaishi, foleni haitakuwa tupu kamwe, na skrini itaganda hadi aachie. Emacs, kihariri kingine cha zamani, iliishi na mvutano huu miaka mingi: kigezo `redisplay-dont-pause` ndicho kilichoamua kama ingizo jipya likatize uchoraji au la, na kuanzia matoleo ya 24 chaguo-msingi likageuzwa, uchoraji usikatizwe. Kwa hiyo ile `break` ya milisekunde 16 si pambo. Je, 16 ndiyo namba sahihi? Sina uthibitisho. Kwa mtu wa Dodoma aliyeingia kwa SSH, yaani terminali ya mbali kupitia mtandao, kwenye seva iliyoko Frankfurt, ambaye kila kitufe chake huchukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, 30 ingefaa vilevile na ingetuma baiti chache. Nimeiacha 16 kwa sababu kwenye mashine ya mezani macho hayalalamiki.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hata waandishi wazoefu huiharibu. Ukishatenga kuchora, utagundua kwamba baadhi ya vitufe vilikuwa vinategemea mchoro kimyakimya. Mshale wa chini kwenye mstari mrefu uliokunjwa unapaswa kwenda safu inayoonekana chini yake, na safu hiyo inajulikana tu baada ya mstari kukunjwa kwa upana wa dirisha. Kama ukunjaji unafanyika ndani ya `chora()`, mishale mitano ikifika pamoja, wa kwanza utasoma ukunjaji sahihi, na inayofuata itasoma ukunjaji uliopitwa na wakati iwapo kati yake kuna herufi iliyoongezwa. Kielekezi kinatua safu isiyo yake, na kosa halirudiki ukichapa polepole. Hilo ndilo kosa linalomaliza wiki ya mtu.

Tenga mambo matatu, si mawili: hali, mpangilio, na mchoro. Hali ni matini, kielekezi na uteuzi. Mpangilio ni jinsi mistari inavyokunjwa na kukaa kwenye safu. Ukokotolewe unapoombwa, kwa mstari ulioombwa tu, na ufutwe mstari huo ukibadilika. Mchoro ni kugeuza mpangilio kuwa seli za skrini. Kitufe kinaruhusiwa kuuomba mpangilio wakati wowote, mchoro hakiruhusiwi. Kuhakikisha kielekezi kinaonekana, yaani kuskroli, kufanyike mara moja mwanzoni mwa mchoro.

Halafu puku (kipanya) inakuja na kinyume chake. Mtu anapobofya, anabofya alichokiona, yaani mpangilio wa mchoro wa mwisho, sio hali iliyopo sasa baada ya kutekeleza vitufe vilivyotangulia kwenye foleni. Kwa hiyo hifadhi ramani ya mchoro wa mwisho (safu hii ya skrini ilianza kwenye nafasi hii ya matini), na utafsiri mbofyo kwa ramani hiyo. Matini ikiwa imebadilika katikati, isukume nafasi kwa kiasi cha mabadiliko hayo. Na bado haitoshi: terminali inatuma namba ya safu na ya nafasi ndani ya safu tu, haitaji ni fremu ipi ilikuwa mbele ya macho ya mtu wakati kidole kinashuka. Mtandao ukichelewa, huenda ramani yako iko mchoro mmoja mbele yake. Suluhisho kamili halipo. Mimi ninaikubali hitilafu hiyo, na sijaona kihariri cha terminali kinachoishinda.

Imani ndogo iliyozaliwa na ile kubwa ni kwamba kitufe ni baiti. Mshale wa juu ni baiti tatu, Esc, `[` na `A`, na `read()` ina haki ya kukupa mbili sasa na ya tatu baadaye. Kichanganuzi kitunze hali yake kati ya usomaji mmoja na mwingine. Waswahili tunajidanganya hapa kwa sababu herufi zetu zote ni ASCII, baiti moja kila herufi, majaribio yanapita. Kisha mtu anabandika "ng’ombe" iliyoandikwa kwenye simu, yenye kiapostrofi kilichopinda badala ya kile kilichonyooka. Alama hiyo ni U+2019, na katika UTF-8, usimbaji wa herufi uliozoeleka leo, ni baiti tatu: E2 80 99. Kihariri kinachohesabu baiti kitaweka kielekezi nafasi mbili kulia kwa mahali pake, na BackSpace itafuta theluthi ya herufi.

Kitufe cha Esc chenyewe ni aibu ya miaka mingi. Kikibonyezwa kinatuma baiti 1B, ileile inayoanzisha mshale. Kinachotofautisha ni muda tu. Chaguo-msingi la ncurses ni kusubiri milisekunde 1,000, nyingi mno kwa mtumiaji wa vi; tmux, programu ya kugawa terminali, kwa muda mrefu ilisubiri 500; kihariri cha Neovim kinasubiri 50. Mimi nimeweka 25 na ninajua kwamba kwenye mtandao mbovu baiti zikigawanyika, mshale utageuka kuwa Esc ikifuatiwa na `[A` ndani ya maandishi. Namba sahihi haipo. Itifaki ya kibodi ya terminali ya Kitty inalimaliza kwa kuipa Esc mfuatano wake, `ESC [ 27 u`, lakini hadi terminali zote ziielewe utabaki na kipima muda.

Kubandika: washa hali ya 2004 kwa `ESC [ ? 2004 h`, na maandishi yaliyobandikwa yatakuja kati ya `ESC [ 200 ~` na `ESC [ 201 ~`. Yaingize yote kama badiliko moja, kwa hatua moja ya kutengua, na uzime ujongezaji wa kiotomatiki, ule unaosogeza mwanzo wa mstari mpya kulia. Usipouzima, msimbo uliobandikwa utateremka kama ngazi kuelekea kulia.

Upande wa kutoa, tunza gridi mbili za seli: iliyoko kwenye skrini na unayoitaka. Linganisha, toa tofauti tu, kwa `write()` moja. Usianze na `ESC [ 2 J`, ya kufuta skrini nzima, hiyo ndiyo inayosababisha kumetameta. Ukizungushia fremu `ESC [ ? 2026 h` na `ESC [ ? 2026 l`, terminali zinazoielewa zitaionyesha nzima kwa mara moja. Kwenye emoji, terminali yako na jedwali lako la upana vinaweza kutofautiana, hivyo baada ya herufi kama hiyo taja upya nafasi ya kielekezi, na umwachie mtumiaji Ctrl-L ya kuchora kila kitu upya.

Mtego mmoja unaoonekana kama uchawi: ukiweka `O_NONBLOCK` (agizo la kutosubiri kamwe) kwenye ingizo la terminali, mara nyingi umeiweka kwenye tokeo pia, kwa sababu yote mawili yanatumia faili moja lililofunguliwa ndani ya kerneli. Fremu ndogo zinapita. Fremu kubwa inakatwa katikati, `write()` inarudisha pungufu au `EAGAIN` ("jaribu tena"), na nusu ya chini ya skrini inabaki ya zamani. Tumia `poll()`, uache `O_NONBLOCK`. Ile `fds` ya pili kwenye msimbo hapo juu ni bomba la `SIGWINCH`, ishara ya kwamba dirisha limebadilika ukubwa: kipokezi cha ishara kiandike baiti moja humo, na ukubwa mpya wa dirisha usomwe ndani ya mzunguko mkuu.

Kabla ya kunitumia lalamiko la uzito, weka namba mbili kwenye mstari wa hali: matukio yaliyotekelezwa na michoro iliyofanyika. Zima hali ya 2004, bandika mistari 500, soma namba. Zikiwa sawa au zimekaribiana, tafuta kila mahali `chora()` inapoitwa nje ya mzunguko mkuu, ufute, kisha ubandike tena.