Saratani ya Matiti Si Ugonjwa wa Ukoo Pekee

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba saratani ya matiti ni ya kurithi tu, na kwamba mwanamke ambaye mama, shangazi na bibi zake hawakuugua hana sababu ya kuihofia. Imani hiyo si sahihi, kwani ni wagonjwa 5 hadi 10 tu kati ya 100 ambao ugonjwa wao hutokana moja kwa moja na jeni za kurithi.

Mtaa nao huweza kuchangia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kila chembe laini za uchafu hewani zilipoongezeka kwa mikrogramu 10 katika mita ya ujazo ya hewa, hatari ilipanda kwa asilimia 8 hivi. Vumbi tunalolifuta dirishani silo hizo chembe. Hizo ni nyembamba mara 30 kuliko unywele, hazionekani kwa macho, na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hata hivyo, si kila kinachoshukiwa huthibitika. Wanawake wa Long Island, New York, ambao kwa ujasiri ninaouheshimu sana walidai mazingira yao yachunguzwe, walikuwa na hofu na DDT, dawa ya kuua wadudu. Matokeo ya mwaka 2002, yaliyotokana na vipimo vya damu, hayakuonyesha uhusiano wowote kati ya DDT na saratani ya matiti. Aidha, mtaa ulio mbali na huduma ya mamogramu (picha ya eksirei ya matiti) hausababishi uvimbe, bali huchelewesha kugunduliwa kwake, na kuchelewa huko hugharimu maisha.