Chembe sahani zikishuka kwa mwenye lupasi: maswali na majibu

Chembe sahani ni zipi?
Ni chembe ndogo za damu zinazokimbilia penye jeraha na kupaziba. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa na huishi siku 7 hadi 10 hivi. Kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Kwa mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, zikishuka chini ya 100,000 bila sababu nyingine, huhesabiwa kuwa dalili ya lupasi yenyewe.

Lupasi inazishushaje?
Mara nyingi kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, huzing'ang'ania, na bandama inayochuja damu huziharibu kabla ya siku zake. Lakini pengine wa kulaumiwa ni maambukizi, au dawa kama azathioprini inayoufifisha uboho. Na kuna jambo linalosahaulika: chembe zinaweza kushikamana ndani ya kichupa cha maabara kwa sababu ya kemikali iliyomo, mashine ikahesabu chache kuliko zilizopo. Ndiyo maana namba ya chini isiyotarajiwa hurudiwa, na tone la damu likaangaliwa kwa darubini.

Nitajuaje kama zimeshuka?
Wengi hawajui mpaka wapimwe. Tazama miguu chini ya goti: kuna vidoa vidogo kama ncha ya sindano? Bonyeza juu yake glasi inayoonyesha. Vipele vingi hufifia. Hivi havififii, kwa sababu ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi havionekani kirahisi, kwa hiyo angalia pia ndani ya mdomo. Fizi kutoa damu, puani kutoka damu na hedhi kuwa nzito kuliko kawaida ni dalili pia.

Je, nitakufa kwa kuvuja damu?
Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu waziwazi. Kuvuja damu kwa hatari, kama vile ndani ya ubongo, hutokea kwa wachache, hasa chembe zikiwa chini sana, 20,000 au pungufu. Hata hivyo, tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wa lupasi ambao chembe zao zimeshuka hufariki zaidi kuliko wenzao, na wengi wa waliofariki hawakuuawa na damu kuvuja. Chembe kushuka mara nyingi huenda pamoja na lupasi iliyochachamaa, inayogusa figo, ubongo au mapafu. Maambukizi nayo huchukua wengi.

Kwa hiyo usitoke kwa daktari na namba ya chembe pekee. Uliza: mkojo wangu una protini? Figo zikoje? Shinikizo la damu je? Wapo wanaoishi miaka mingi na chembe 80,000 zisizopanda wala kushuka, na wako vizuri. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kushuka kwa ghafla.

Chembe zikiwa chache, damu haiwezi kuganda ovyo?
Inaweza. Baadhi ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi (aina ya mafuta yaliyo kwenye kuta za seli). Kingamwili hizo hupunguza chembe na papo hapo kugandisha damu ndani ya mishipa: mguu unavimba, mtu anapata kiharusi, mimba zinaharibika. Omba upimwe kingamwili hizo, hasa kama umewahi kupoteza mimba.

Matibabu ni yapi?
Si kila ambaye chembe zake zimeshuka hutibiwa. Kwa kawaida dawa huanza chembe zikiwa chini ya 30,000 hivi, au damu ikivuja. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga, hutangulia, pamoja na haidroksiklorokwini, dawa ya kawaida ya lupasi. Zisipotosha, huongezwa dawa nyingine za kutuliza kinga. Usiache prednisoloni ghafla, hata ukijisikia umepona. Maumivu yakikushika, usijinunulie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Kama aspirini uliandikiwa na daktari, muulize yeye kabla ya kuiacha.

Nikimbilie hospitali lini?
Kichwa kikiuma kwa nguvu kwa namna usiyoizoea, ukichanganyikiwa au upande mmoja wa mwili ukilegea. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu. Damu ya puani isipokoma. Au ukipata homa wakati unatumia dawa za kutuliza kinga. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na ubebe dawa zako zote.